Maonyo ya Kompyuta Wakati wa Kuhamisha Faili: Yapi ya Kupita, Yapi ya Kusimama

Maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa kata wanaopeleka nyaraka zao katika ofisi za umma



Waraka unaofika mezani kwa mtendaji wa kata siku hizi huwa umekwisha kusafiri sana. Katiba ya kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri huchapwa kwenye kompyuta ya mtoto wa mwanachama mmoja, ikahamishiwa kwenye flashi, ikafunguliwa katika duka la steshenari ili irekebishwe, ikatumwa kwa WhatsApp ili mweka hazina aisome, kisha ikarudi kwenye flashi ileile kabla ya kutolewa kwenye karatasi na kugongwa muhuri. Katika kila kituo cha safari hiyo kompyuta inaweza kusimamisha kazi na kuuliza swali. Mara nyingi swali lenyewe huwa kwa Kiingereza, huja na pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao, na hutokea wakati foleni ya nyuma ni ndefu na ofisi inakaribia kufungwa.

Mbele ya swali hilo watu hugawanyika makundi mawili. Wako wanaoshtuka, wakachomoa flashi na kurudi nyumbani, wakiamini kwamba faili limeingiwa na virusi, na tarehe ya mwisho ya maombi ikawapita. Wako pia wanaobofya ndiyo kwa kila kinachojitokeza, alimradi dirisha liondoke. Makundi yote mawili hupata hasara, lakini hasara ya kundi la pili ni nzito zaidi kwa sababu haionekani siku hiyohiyo. Huonekana wiki tatu baadaye, pale faili linapohitajika tena na kukutwa halipo.

Ukali wa maneno ya onyo hauonyeshi ukubwa wa hatari yake. Yapo maonyo yanayotisha ambayo hayana madhara hata kidogo, na yapo maswali yanayoulizwa kwa upole kabisa ambayo hufuta kazi ya miezi. Anayetaka kujua la kufanya hana budi kwanza kutambua onyo linazungumzia nini: chombo kinachobeba faili, jina la faili, njia ambayo faili limepitia, au yaliyomo ndani yake.

Onyo linalowashangaza wengi kuliko yote ni lile linalotokea faili linapohamishwa kutoka kompyuta yenye Windows kwenda kwenye flashi. Kompyuta husema kwamba faili lina sifa ambazo haziwezi kunakiliwa mahali pale papya, kisha huuliza kama mwenye faili anataka kulinakili bila sifa hizo. Mtu akisoma maneno hayo hudhani kwamba nusu ya waraka wake itabaki nyuma. Ukweli ni mwepesi zaidi. Diski ya ndani ya kompyuta yenye Windows kwa kawaida imepangwa kwa mpangilio uitwao NTFS, ulioanza kutumika mwaka 1993. Mpangilio huo huruhusu kila faili kubeba, pamoja na maandishi yake, viambatisho vidogo visivyoonekana, mfano wa kikaratasi kinachofungwa kwenye mzigo wa basi kueleza ulikotoka. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na mipangilio hiyo haina mahali pa kukifunga kikaratasi hicho. Mzigo unaingia wote, kikaratasi kinabaki. Maandishi, majedwali, picha na sahihi zilizoskaniwa hufika kama zilivyo. Kwa barua, katiba, muhtasari wa kikao au wasifu wa mwombaji kazi, jibu la ndiyo hapo halina madhara.

Hata hivyo kikaratasi hicho kinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maana ndicho chanzo cha kitendawili kinachozungumzwa sana katika maduka ya steshenari. Tangu mwaka 2004, katika toleo la pili la maboresho makubwa ya Windows XP, mafaili yanayopakuliwa kutoka intaneti au kupokewa kwa barua pepe hubandikwa alama iliyofichika, inayosema kwamba yametoka nje. Programu ya Word ya mwaka 2010 na zilizofuata huisoma alama hiyo. Zikiikuta, hufungua waraka kwa kuusoma tu na kuweka juu yake ukanda wa njano unaoonya kwamba mafaili ya intaneti yanaweza kuwa na virusi. Ndiyo maana katibu wa kikundi aliyejitumia mwenyewe kwa barua pepe muhtasari alioandika kwa mikono yake huonywa kana kwamba ameletewa kitu na mgeni. Alama inajua njia iliyopitwa, haimjui mwandishi.

Kitendawili kinaanza pale faili hilohilo linapopitishwa kwenye flashi. Kwa kuwa flashi haina mahali pa kuweka alama, alama hupotea, na kwenye kompyuta ya pili ukanda wa njano hautokei. Mwenye faili hufurahi na kusema kwamba kompyuta ya dukani ni nzuri kuliko yake, au kwamba flashi imelisafisha faili. Hakuna kilichosafishwa. Kama waraka ulikuwa salama, bado ni salama. Kama ulibeba hatari, umeibeba hadi kompyuta ya pili, na sasa hakuna wa kumwambia mtu wa pili. Kwa hiyo faili lililokabidhiwa kwa flashi na mtu asiyejulikana linahitaji tahadhari zaidi kuliko lile lililokuja kwa barua pepe na kutoa onyo, ingawa machoni hali huonekana kinyume chake.

Ukanda huo wa njano una hatua mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowaponza watu. Hatua ya kwanza huuliza kama mtumiaji anataka kuruhusu uhariri. Bila ruhusa hiyo waraka hausahihishiki wala hauendi kwenye printa, kwa hiyo mhudumu wa steshenari analazimika kuitoa. Na kama mwenye waraka anajua ulikotoka, hakuna ubaya. Hatua ya pili, ambayo hutokea kwa baadhi ya nyaraka tu, huuliza kama mtumiaji anataka kuruhusu maudhui. Neno hilo linasikika la kawaida, hata la adabu. Maana yake halisi ni kwamba ndani ya waraka mmejificha programu ndogo, ziitwazo makro, na sasa zinaomba ruhusa ya kufanya kazi katika kompyuta. Mwaka 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilisambaa duniani kwa njia hiyohiyo: kilikaa ndani ya waraka wa Word, na mtu alipoufungua na makro zikaruhusiwa, kilijituma chenyewe kwa anwani 50 za mwanzo katika kitabu chake cha barua pepe. Mbinu haijazeeka. Kwa sababu yake, mwaka 2022 kampuni ya Microsoft ilianza kuzizuia moja kwa moja makro za mafaili yenye alama ya intaneti. Lakini kama ilivyokwisha kuelezwa, flashi huiondoa alama hiyo, na kizuizi hicho huondoka nayo.

Kanuni ya hapa haina ugumu. Barua haihitaji programu ndani yake. Wala katiba ya kikundi, wala hati ya mauziano ya shamba, wala fomu ya kujaza kwa mkono. Jedwali la Excel lililotengenezwa na mhasibu linaweza kuwa na makro za halali za kukokotoa hesabu, na mhasibu huyo anaweza kupigiwa simu na kuulizwa. Waraka mwingine wowote unaoomba ruhusa ya hatua ya pili unyimwe. Na ukifunguka ukionyesha ukungu pamoja na maandishi yanayomtaka msomaji abofye kuruhusu ndipo aone yaliyomo, ufungwe na kufutwa papo hapo, hata kama umetoka kwa rafiki, kwa maana huenda rafiki mwenyewe hajui kama ameutuma.

Ndugu ya hatari hiyo ni faili lenye jina la mikia miwili. Windows, isipobadilishwa, huficha herufi za mwisho za jina, zile zinazokuja baada ya nukta na kueleza aina ya faili. Kwa hiyo kitu kiitwacho Tangazo la ajira.pdf.exe huonekana kama Tangazo la ajira.pdf, na kinaweza kuvishwa hata picha inayofanana na ya waraka wa kawaida. Ni programu, si waraka. Katika dirisha la mafaili, kwenye sehemu ya mwonekano, kuna kisanduku cha kuonyesha herufi hizo. Kila mwenye kompyuta na akitie alama leo.

Yapo maonyo yanayohusu ukubwa na majina, nayo hayahitaji maneno mengi. Kijana aliyerekodi video ya mradi wa kikundi huambiwa kwamba faili ni kubwa mno kwa mahali linapopelekwa, ilhali flashi yake ya gigabaiti 32 iko tupu. Flashi haijaharibika. Mpangilio wa FAT32 haupokei faili moja lenye kufikia gigabaiti 4, hata nafasi iwe tele kiasi gani. Ama video ikatwe vipande, ama flashi ipangwe upya kwa exFAT baada ya kila kilichomo kuhamishiwa mahali pengine kwanza. Kuhusu majina, Windows haikubali alama tisa: mikwaju yote miwili, nuktapacha, nyota, alama ya kuuliza, alama za kufungua na kufunga usemi zilizonyooka, alama za ndogo kuliko na kubwa kuliko, na mstari wima. Faili lililopewa jina lenye alama ya kuuliza kwenye kompyuta ya aina nyingine hukataa kuingia hapa mpaka jina libadilishwe. Windows vilevile huhesabu jina la faili pamoja na majina ya folda zote linamokaa, na katika programu nyingi hesabu hiyo ikifika herufi 260 husema kwamba njia ni ndefu mno. Folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ikiwa na jina la sentensi nzima, ndizo zinazoleta hali hiyo. Majina mafupi yanatosha.

Flashi iliyopita kwenye kompyuta ya Apple hurudi na mafaili yasiyoeleweka, majina yake yakianza kwa nukta na mstari wa chini, kila moja likiwa dogo sana na likifanana jina na waraka halisi. Hayo ni mabaki ya vile vikaratasi vya mizigo, ambavyo mashine ya Apple huviandika kando pale flashi inapokosa nafasi ya kuvifunga. Hayafunguki, na si virusi. Kwa namna hiyohiyo, jina linaloanza kwa kiwimbi na alama ya dola ni la faili la muda ambalo Word huliweka wakati waraka umefunguliwa, ili mtu mwingine asiuhariri kwa wakati mmoja. Kama limebaki kwenye flashi baada ya kila kitu kufungwa, pengine flashi ilichomolewa kabla ya Word kumaliza kazi. Hapo waraka wenyewe ufunguliwe na kukaguliwa hadi ukurasa wa mwisho.

Wako wanaokutana na onyo kwamba aina ya faili na herufi zake za mwisho havilingani. Hutokea zaidi katika Excel, kwa ripoti zinazopakuliwa kutoka katika baadhi ya mifumo ya intaneti, ambako jedwali la ukurasa wa wavuti hupewa tu jina la Excel. Kopo la chumvi likibandikwa karatasi ya sukari, kilichomo kitabaki chumvi. Aliyeipakua ripoti mwenyewe kutoka katika mfumo anaoujua anaweza kukubali, kisha akaihifadhi upya kama faili halisi la Excel ili wa baadaye wasiulizwe tena. Kosa la kinyume chake hufanywa na wanaopokea waraka wa docx, aina iliyokuja na Word ya mwaka 2007, kwenye kompyuta kongwe isiyoitambua, wakajaribu kuutibu kwa kubadilisha herufi za mwisho. Kompyuta huwaonya kwamba faili linaweza lisifunguke, na katika hilo inasema kweli. Dawa ni kurudi kwenye kompyuta iliyoandika waraka na kuchagua kuuhifadhi kwa aina ya zamani, au kuutoa kama PDF iwapo hauhitaji kusahihishwa tena. PDF ina faida nyingine: haibadilishi mpangilio wa kurasa pale kompyuta ya pili inapokosa aina ya herufi zilizotumika kwenye ya kwanza.

Sasa kuna maswali mawili yanayokuja kwa sauti ndogo, nayo ndiyo yanayofuta kazi.

La kwanza huulizwa pale faili linapohamishiwa mahali ambapo tayari kuna jingine lenye jina lilelile. Kompyuta hutaka kujua kama lile la zamani libadilishwe na jipya, lirukwe, au yote mawili yalinganishwe. Katibu aliyekaa jioni nzima akisahihisha orodha ya wanachama kwenye kompyuta ya nyumbani, akaja dukani na nakala ya wiki iliyopita, anaweza kwa mbofyo mmoja kuiweka ile ya wiki iliyopita juu ya ile aliyoisahihisha. Hakuna pipa la taka litakalomrudishia. Faili lililofunikwa hivyo halipiti pipani. Kompyuta huonyesha tarehe na ukubwa wa kila nakala ili kumsaidia kuchagua, lakini tarehe hiyo nayo hudanganya. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hupoteza saa kila inapozimwa, na ikiwashwa bila mtandao inaweza kurudi miaka kadhaa nyuma. Waraka uliosahihishwa hapo asubuhi ya leo huandikwa tarehe ya zamani, na nakala mbovu ya jana huonekana ndiyo mpya.

Kinga yake ni kutoitegemea saa ya mashine. Tarehe iandikwe ndani ya jina lenyewe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano katiba-2025-03-14. Majina ya namna hiyo hujipanga yenyewe kwa mfuatano, na mafaili mawili hayagongani jina. Panapokuwa na shaka yoyote, jibu ni kubakiza yote mawili. Nafasi ya waraka mmoja wa maandishi kwenye flashi ni ndogo kiasi kwamba hakuna sababu ya kuionea uchungu.

Swali la pili hujitokeza flashi inapochomekwa na kompyuta kushindwa kuisoma. Husema kwamba diski inapaswa kufomatiwa kabla ya kutumika, na kuuliza kama ifomatiwe. Hakuna kinachotisha katika maneno hayo. Yanafanana na maelekezo ya matumizi ya kifaa kipya. Mtu aliyechoka hukubali. Kufomati ni kuipanga flashi upya kama tupu, na kwa mwenye vyeti vyake vyote vya shule, picha za marehemu na nyaraka za mirathi ndani ya flashi hiyo, hilo ndilo swali baya kuliko yote katika mazungumzo haya. Jibu ni hapana, kila mara, mpaka ithibitike kwamba hakuna kinachohitajika ndani. Flashi ijaribiwe kwenye tundu jingine, kisha kwenye kompyuta nyingine, kisha kwenye simu inayokubali flashi. Mara nyingi hitilafu huwa katika tundu lenye vumbi au katika orodha ya mafaili iliyoharibika pale flashi ilipochomolewa kazi ikiendelea, na mafaili yenyewe yapo.

Aliyekwisha kubofya ndiyo asikate tamaa mapema. Fomati ya haraka, ambayo ndiyo kompyuta huipendekeza, hufuta orodha ya mafaili na kuyaacha mengi ya maandishi yenyewe mahali yalipokuwa, hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo flashi hiyo isiandikwe chochote tena, hata faili moja la majaribio, mpaka ipelekwe kwa fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili. Kila wimbo unaonakiliwa juu yake ili kuona kama inafanya kazi unaweza kuziba cheti cha mtu.

Lile onyo jepesi linalosema kwamba diski ina tatizo na inafaa kuchunguzwa ni jambo jingine. Kwa kawaida lina maana kwamba mara ya mwisho flashi ilichomolewa bila kuagwa. Yaliyomo yanakiliwe kwanza kwenye kompyuta, ndipo uchunguzi uruhusiwe. Matoleo ya Windows ya tangu mwaka 2018 yamewekwa hivi kwamba flashi inaweza kuchomolewa bila taratibu ndefu, lakini hiyo haina maana ya kuichomoa taa yake ikiwa inamweka. Faili lililokatizwa katikati ya safari hubaki na jina kamili, na siku ya kulifungua Word husema kwamba limekuta maudhui yasiyosomeka.

Katika kata nyingi kuna ugonjwa mmoja wa flashi ambao kila mwenye duka la steshenari ameuona. Mtu huchomeka flashi na kukuta folda zake zote zimegeuka kuwa vijipicha vyenye mshale mdogo pembeni, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Akikibofya, folda hufunguka kama kawaida, na hapo hudhani kwamba mambo ni mema. Kumbe mbofyo huo ndio uliomwamsha kirusi, kikahamia kwenye kompyuta na kusubiri flashi ya mteja anayefuata. Folda halisi hazikufutwa, zimefichwa. Kwa kompyuta iliyo safi, yenye programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa, flashi ichunguzwe kwanza bila kubofya kitu chochote ndani yake. Kirusi kikishaondolewa, fundi hufungua dirisha la amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* akiweka herufi ya flashi mahali pa E, na folda hurudi kuonekana. Zamani ugonjwa wa aina hii ulienea hata bila kubofya, kwa sababu Windows ilikuwa tayari kuendesha programu ya flashi mara tu ilipochomekwa. Uwezo huo uliondolewa katika Windows 7, na mwaka 2011 matoleo ya kabla yake yakapewa maboresho ya kuuondoa. Tangu hapo kirusi cha flashi kwa kawaida huhitaji kidole cha mtu.

Ni hapa panapostahili kukemewa mazoea ya baadhi ya maduka. Programu ya kuzuia virusi inapokataa kunakili faili, mhudumu huizima ili mteja aondoke haraka. Mteja hushukuru. Lakini kompyuta hiyo hupokea flashi nyingi kwa siku, na kinga yake ikizimwa saa nne asubuhi, wote wanaokuja baadaye hupokea walichoacha waliotangulia, pamoja na flashi ya mwalimu yenye mitihani na ya mhudumu wa zahanati yenye taarifa za wagonjwa. Mteja ana haki ya kukataa kinga isizimwe kwa ajili ya faili lake. Flashi yenye kitufe cha kuzuia kuandikwa hupatikana ingawa si kwa urahisi. Anayekwenda kuchapisha tu, asiyehitaji kurudi na chochote, anaweza kuufikisha waraka kwa barua pepe na kuiacha flashi yake nyumbani.

Limebaki tatizo ambalo kompyuta hailionyi kabisa, nalo linatoka sokoni. Zinauzwa flashi zilizoandikwa gigabaiti 128 kwa bei ya kushangaza, ambazo ndani yake mna kumbukumbu ya gigabaiti 8 au pungufu. Chipu inayoongoza flashi imefundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Mafaili ya mwanzo huingia na kufunguka vizuri, na mnunuzi husifu ununuzi wake. Kumbukumbu halisi ikijaa, yanayofuata ama hayahifadhiwi popote au huandikwa juu ya yale ya mwanzo. Majina yote yanaonekana, ukubwa unaonekana, tarehe zinaonekana, na kompyuta imesema kwamba kazi imekamilika. Siku ya kuyafungua ndipo yanapotoa onyo kwamba yameharibika, na mwenye nayo huilaumu kompyuta ya ofisi aliyokwenda.

Flashi mpya kwa hiyo isikabidhiwe nyaraka siku ya kwanza. Ijazwe hadi pomoni kwa video au mafaili mengine makubwa ambayo nakala zake zipo kwingine, ichomolewe, ichomekwe tena, kisha yafunguliwe ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw inayofanya jaribio hilo yenyewe kwenye Windows, ikaandika na kusoma flashi nzima na kutoa jibu la ukubwa wake wa kweli. Kwa flashi kubwa kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, hivyo iachwe ikiendelea usiku umeme ukiwepo. Risiti itunzwe mpaka jibu litoke, na flashi iliyoshindwa irudishwe dukani pamoja na matokeo ya jaribio.